Kwa Mwalimu Mpya wa Hisabati: Filamu Ipimwe kwa Chaki

Mwalimu mwenzangu unayeanza kazi hapa Tanga, wanafunzi wako wamekwisha kutazama filamu nyingi kuliko wewe, na nyingi wamezitazama katika vibanda vya video, ambako mtafsiri huzungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Utatamani kuzitumia ili somo lipendeze. Nami nilitamani hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaonyesha filamu nzima ya safari za anga kwa vipindi viwili, na mwishowe wanafunzi waliweza kunisimulia kisa chote pasipo hata mmoja wao kushika kalamu. Tangu siku hiyo sichukui tukio ambalo mwanafunzi hawezi kulihakiki mwenyewe ubaoni.

Tukio ninalolithamini kuliko yote limo katika katuni ya Marekani iitwayo The Simpsons. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1995 inapita hesabu hii: 1782¹² + 1841¹² = 1922¹². Mwandishi David X. Cohen alizisaka namba hizo kwa programu ya kompyuta, akijua vyema kwamba Pierre de Fermat alidai katika karne ya 17 kuwa hakuna namba za kuhesabia zinazotimiza usawa wa namna hiyo kipeo kinapozidi 2, dai ambalo uthibitisho wake, kazi ya Andrew Wiles, ulichapishwa mwaka huohuo wa 1995. Mpe mwanafunzi kikokotoo cha tarakimu 10, ajumlishe upande wa kushoto, kisha atafute kipeuo cha 12 cha jumla hiyo. Atapata 1922 kamili. Usiharakishe kumsahihisha. Liache darasa likiamini kikokotoo kwa dakika chache, kwa sababu mshangao unaofuata ndio somo lenyewe.

Kisha uliza swali moja tu: namba hizi ni shufwa au witiri? Maneno hayo waliyasoma shule ya msingi, na wengi wao waliyajua hata kabla ya hapo kutokana na sala ya witri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hubaki shufwa, na witiri hubaki witiri. Kwa hiyo upande wa kushoto ni shufwa kujumlisha witiri, yaani witiri, ilhali upande wa kulia ni shufwa. Usawa umevunjika, na hakuna aliyehitaji mashine kuuvunja.

Mwaka 1998 katuni hiyohiyo ilileta hesabu nyingine, 3987¹² + 4365¹² = 4472¹², na hapa wanafunzi wataikimbilia silaha yao mpya waione imegonga mwamba, kwa kuwa witiri mbili zikijumlishwa hutoa shufwa. Waelekeze kwenye namba 3. Tarakimu za 3987 zina jumla ya 27, na za 4365 zina jumla ya 18, hivyo zote mbili zinagawanyika kwa 3. Lakini za 4472 zina jumla ya 17, nayo haigawanyiki. Nakushauri uitenge siku nzima kwa hesabu hii ya pili, maana ndiyo inayomfundisha mwanafunzi kwamba njia iliyofaa jana inaweza isitoshe leo.

Kwa uwiano, filamu ya Interstellar ya mwaka 2014 inatosha kwa kipindi kimoja: katika sayari mojawapo, saa 1 ni sawa na miaka 7 ya duniani. Mzazi akikaa huko saa hiyo moja, mtoto aliyemwacha akianza darasa la kwanza atamkuta amemaliza la saba. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kwamba kila sekunde ya huko ni takribani saa 17 za huku.

Itazame tafsiri ya kibandani kabla ya kuitegemea, kwa kuwa mtafsiri mwenye haraka huruka namba. Katika Contact, filamu ya mwaka 1997 iliyotokana na riwaya ya Carl Sagan, ishara kutoka angani huhesabu namba tasa: 2, 3, 5, 7, hadi 101. Namba zikirukwa, hoja yote imepotea, kwani mapigo yanayofuata namba tasa ndiyo yanayowashawishi wanasayansi kwamba aliyeyatuma ana akili. Mimi huizima sauti, nikamwita mwanafunzi mmoja agonge meza badala yake. Akigonga mara 9 baada ya 7, usimkatize wewe, darasa litamkatiza.