Mtoto Mwembamba Naye Anadhurika

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Chipsi, soda na vyakula vingine vya haraka vinawafanya nini watoto wetu, na mzazi afanye nini?" Jibu langu ni kwamba vinawaumiza, na hapa kwetu Malindi wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale ambao hakuna anayewashuku, yaani watoto wembamba.

Likitajwa jambo hili, wengi humwazia mtoto mnene, mashavu yamejaa, baga mkononi. Wakitazama huku na huku mtaani wasimwone, wanatulia. Ni kweli kwamba duniani unene umeshika kasi. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu. Lakini ripoti hiyo hiyo ilisema Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini bado hazijafika huko. Tatizo letu lina sura nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Katika kaunti yetu ya Kilifi walikuwa 37 katika kila 100, na hakuna kaunti iliyotupita kwa ubaya huo. Mtoto wa namna hiyo ukimlisha chipsi, huenda hata asinenepe ukaona. Anashiba tu, na kushiba huko ndiko kunakomponza.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nazunguka nyumba kwa nyumba upande wa Muyeye na mkoba wangu, mizani, na ule utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto. Kijani ni salama. Manjano ni tahadhari. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni mtoto wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kuna mtoto mmoja wa kiume, wa miaka mitatu, niliyemfunga utepe ukasimama kwenye manjano, sentimita 12 na kidogo. Mamake alishangaa kwelikweli.

"Lakini mama, huyu anakula. Kila siku namnunulia chipsi, na anazimaliza."

"Na usiku?"

"Usiku hataki. Ugali anautazama tu. Nikimlazimisha analia, basi nampa chai alale."

Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa akimpa mwanawe kitu anachokipenda, kwa pesa aliyoitolea jasho, na mtoto alikuwa akishiba mbele ya macho yake. Ila kiazi kilichokaangwa ni wanga, mafuta na chumvi. Protini yake ni haba, na madini ya chuma na zinki ni haba vilevile. Tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni dogo. Likijazwa wanga na mafuta saa saba mchana, saa moja usiku halina pa kuweka dagaa, maharagwe wala mchicha. Siku moja haina neno. Ikiwa ndio mtindo wa kila siku, damu inapungua, na mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, huandamwa na maradhi, na akifika darasani mwalimu humwona mvivu. Ubongo unaokua unahitaji chuma, na ukikikosa katika miaka hiyo ya mwanzo, si rahisi kufidia baadaye. Ile chai ya kulalia nayo inazidisha, kwa kuwa majani ya chai huzuia mwili kufyonza hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula.

Sitaki kuzisingizia chipsi kila kitu. Udumavu huanzia tumboni mwa mama, na siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazoamua mengi. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna kuhara kwa sababu ya maji machafu, kuna ukame unaorudi Magarini na Ganze, humu humu Kilifi, hadi mihogo inakauka ardhini. Kwa sababu hayo yote yapo, mtoto wetu hana akiba ya kuchezea. Mlo mmoja mtupu kwake ni hasara kubwa kuliko kwa mtoto aliyekula vizuri tangu azaliwe.

Soda ni afadhali niiseme kwa hesabu, maana watu hudhani tunatia chumvi. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Chukua mtoto wa miaka sita anayehitaji kalori 1,500 hivi. Asilimia 10 kwake ni gramu 37, asilimia 5 ni gramu 19. Chupa moja tu imemaliza karibu kiwango chake cha siku nzima, na bado hajanywa chai ya asubuhi, bado hajanunua barafu ya rangi wala biskuti. Kwa walio chini ya miaka miwili, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 hauna mlango wa nyuma: vinywaji vya sukari wasipewe. Nami naingia nyumba nikakuta soda imetiwa kwenye chupa ya kunyonyea, mtoto hata meno ya mbele hayajatimia. Yakishatoka yanaoza, naye mtoto mwenye jino bovu hawezi kutafuna nyama wala mahindi, anarudi kwenye vilaini. Mduara huo nimeuona mara nyingi mno.

Tena kuna mafuta. Simama kando ya kibanda chochote jioni, uangalie ndani ya karai kabla viazi havijatiwa. Mafuta mapya ni ya dhahabu na unaona chini. Yaliyokaa siku nyingi ni meusi kama chai ya rangi, yananata, na viazi vikiingia yanatoa povu jembamba pembeni lisilotulia, na moshi unawasha macho mapema kabla moto haujakolea. Mafuta yanayopashwa tena na tena huvunjikavunjika na kutoa vitu vinavyoudhi mwili, na mengine hugeuka kuwa yale mafuta mabaya yanayoziba mishipa ya moyo. Yule kijana wa kibandani anajua, ukimuuliza atakwambia mwenyewe. Lakini bei ya mtungi wa lita 20 anaijua pia. Wengi wao walikuwa na kazi za hoteli, na msimu wa watalii ukiisha, kuanzia Aprili, ndipo karai linapowashwa. Simhesabu kuwa adui.

Wala wazazi siwahesabu. Mama anayetoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu au kufanya usafi hotelini, mkaa haushikiki bei, gesi imekwisha, amwache mtoto na nini? Anamwachia shilingi hamsini. Mtoto akitoka shule saa saba ana muda mfupi kabla ya kwenda chuoni, yaani madrasa, na hamsini ile inakutana na chipsi zilizokwisha kupangwa kwenye kioo chenye taa, zina joto, zina harufu, na sosi nyekundu ya bure juu yake. Anakula akitembea, peke yake, amemaliza kabla hajafika kona ya pili. Jambo hilo linaniuma kwa namna yake. Kwenye sinia nyumbani kuna bibi anayemsogezea mnofu wa samaki, kuna kaka anayemwambia kula mboga, kuna maneno ya siku nzima yanayosemwa hapo. Mtoto anayekula njiani hana wa kumwona kwamba leo hana hamu, kwamba leo amenyamaza. Mara nyingi mzazi hugundua mtoto ana jambo linalomsumbua kwa vile alivyokula.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kurudi kwenye vyakula vya jadi. Nakubali nusu. Nasi watu wa pwani tusijisifu kupita kiasi: mahamri yanakaangwa, kaimati zimeogelea shirani, achari na mabuyu yametiwa rangi ambayo hata ukinawa mkono haitoki, na muhogo mkavu bila kitoweo haumjengi mtoto zaidi ya chipsi. Lakini chakula cha haraka tulikuwa nacho kabla ya vioo vyenye taa, na kilicho bora bado kipo. Mbaazi za nazi. Zimeshapikwa, ziko tayari, zinauzwa mtaani, mtoto anazipenda. Mbaazi kavu ina protini karibu moja ya tano ya uzito wake, ina chuma, ina nyuzinyuzi zinazomsaidia mtoto kupata choo bila kulia. Kwa hamsini ile ile anapata bakuli la mbaazi na mahamri mawili, pengine na chungwa, na chungwa hilo lina kazi, kwa sababu vitamini C yake ndiyo inayousaidia mwili kukichukua chuma cha mbaazi. Yai la kuchemsha nalo lipo kila kona. Wale samaki wadogo waitwao simu, na dagaa wa kukaanga, huliwa na mifupa yao, ndani yake mna kalsiamu, na hapa tumekaa juu ya bahari. Kinachonisikitisha ni kwamba mama wa mbaazi anafunga sufuria asubuhi saa tatu, kwa kuwa tumekubaliana wenyewe kwamba mbaazi ni ya asubuhi. Saa saba, mtoto anapoihitaji zaidi, haipo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi ni mdogo na unawezekana. Usimkataze chipsi. Mtoto wa Malindi anayezaliwa akisikia harufu ya pizza za Waitaliano na kuona aiskrimu za rangi zote hutamficha dunia. Mpe Idd, mpe siku ya kwenda ufuoni, zikae kwenye furaha yake. Siku za kawaida, ile hamsini usimpe mkononi, mpe mama wa mbaazi kwa wiki nzima, mtoto apite ale. Wachache mtaani kwetu wameanza hivyo, na mama wa mbaazi naye amepata sababu ya kubandika sufuria ya pili. Chai isogeze mbali na chakula. Soda iondoke kabisa kwenye chupa ya mtoto mchanga, na hapo siombi, nasisitiza.

Kwa serikali ninalo moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Chile mwaka 2016 ilipiga marufuku kuuza shuleni vyakula vilivyozidi sukari, chumvi na mafuta. Sisi hatuhitaji hata kungoja sheria mpya ya Bunge, kwa kuwa leseni ya kibanda inatolewa na kaunti, na afisa wa afya ya umma ana uwezo wa kukagua anayeuza chakula. Siku anayokuja kuangalia vyoo vya shule, asimame pia langoni aangalie rangi ya mafuta, na yakiwa meusi yamwagwe. Halafu mama wa mbaazi apewe nafasi kivulini karibu na lango, hapo ambapo sasa pamewekwa friji ya soda.