GPA ya 4.0 bila hesabu haikufikishi Berkeley

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni Mtanzania, nimemaliza muhula wa kwanza chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) karibu na Sacramento, California. Nataka kuhamia Berkeley au UCLA nisome uhandisi wa mitambo. Kuna kaka anayetusaidia kwa malipo. Ameniambia nikwepe hesabu na fizikia hadi nikishahama, nichukue masomo mepesi GPA (wastani wa alama) ibaki 4.0, nimalize digrii ya miaka miwili, na nafasi itakuwa ya uhakika. Pia nilisoma mwaka mmoja chuo kikuu nyumbani, sikufanya vizuri. Anasema nisiutaje. Niendelee naye?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiendelee naye, na kama kuna malipo yaliyobaki, usimpe.

Ushauri huu wa kukimbia hesabu ili kulinda GPA unafika mezani kwangu kila msimu wa maombi, na wanaoumia ni vijana wenye uwezo kabisa. Wamejazwa imani kwamba anayesoma maombi anatazama namba moja tu. Mwanafunzi anayehamia anaingia mwaka wa tatu, moja kwa moja kwenye fani yake, kwa hiyo idara ya uhandisi inataka kwanza kujua kama amemaliza masomo ya maandalizi. GPA ya 4.0 iliyojengwa kwa lishe, utangulizi wa muziki na historia ya filamu haisemi lolote kuhusu hilo. Mwenye 3.7 aliyemaliza kalkulasi zote na fizikia yuko mbele yako.

Tena masomo hayo hayarukwi. Kuna kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo milinganyo tofautishi (differential equations). Kila kalkulasi inadai uwe umefaulu iliyotangulia. Ukichukua moja moja, hiyo ni mihula minne, na fizikia ya wahandisi nayo inasubiri kalkulasi. Wewe muhula mmoja umeshapita. Anza kalkulasi ya kwanza sasa, ya pili uichukue kiangazi, na bado utahama kwa wakati. Ukingoja "hadi nikishahama", hutahama. Digrii ya miaka miwili si mbaya, lakini UC (Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi za Berkeley na UCLA) haiidai. Inadai krediti 60 za muhula zinazohamishika, zikiwemo kozi mbili za uandishi wa Kiingereza na moja ya hesabu, halafu idara inaongeza masharti yake.

Masharti hayo wala si siri ya kuuziwa. Fungua assist.org, weka chuo chako upande mmoja na Berkeley upande wa pili, chagua uhandisi wa mitambo. Utaona kozi moja moja kwa namba yake, ipi inapokelewa badala ya ipi. Rudia kwa UCLA, maana orodha zao hazilingani. Kisha zipeleke kwa mshauri wa chuo chenu, ambaye halipishi.

Ama huo "uhakika", upo kweli, unaitwa TAG (Transfer Admission Guarantee, yaani ahadi ya nafasi kwa anayehama akitimiza masharti), na maombi yake hufanywa Septemba. Lakini ni wa kampasi sita tu: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, tena uhandisi wa Santa Barbara haumo. Berkeley, UCLA na San Diego hawautoi kabisa. Anayekuahidi uhakika wa Berkeley anakudanganya, hata kama ni Mtanzania mwenzako na mnasali pamoja.

Linalonikasirisha zaidi ni la kuficha chuo cha nyumbani. Fomu inataka kila chuo ulichosoma baada ya sekondari, nchi yoyote, umalize usimalize. Likigundulika, nafasi inaweza kufutwa hata kama umeshakubaliwa. Mwaka mbaya unaelezeka, na fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada. Uongo hauna pa kuelezewa.

Nawaambia na wengine mnaosoma hapa: hawa wanaojaza fomu kwa niaba yenu huwa wanaandika na yale majibu manne ya maswali kukuhusu wewe mwenyewe yaliyomo kwenye fomu ya UC, maneno yale yale kwa wateja kadhaa. UC huyakagua kama yamenakiliwa. Anayeulizwa ni aliyethibitisha kwa jina lake kwamba maelezo yote ni ya kweli, naye ni wewe mwanafunzi. Aliyelipwa hatajwi popote.

Kama huyo kaka ana nywila ya akaunti yako ya maombi, ibadilishe leo.