Asilimia 90 Wanakubali, Mbona Maseneta Wanaogopa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Pennsylvania, na juzi nimeapishwa uraia, kwa hiyo uchaguzi ujao nami nitapiga kura. Kinachonichanganya ni bunduki. Naambiwa karibu Wamarekani tisa kati ya kumi wanataka kila mnunuzi achunguzwe rekodi zake kwanza. Kama hesabu ndiyo hiyo, mwanasiasa anayesimama katikati, yaani anaheshimu haki ya kumiliki bunduki lakini anataka uchunguzi, si angeshinda kirahisi? Au ndiyo yale ya njia mbili zilimshinda fisi? Naomba unieleze kitaalamu, si kishabiki. (Msomaji, Pittsburgh)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa uraia.

Kwanza tuelewane maneno. Kwetu Tanzania "kura za maoni" ni ule mchakato wa chama kumpata mgombea wake. Redioni maneno hayohayo hutumika kwa utafiti wa kuwapigia watu simu na kuwauliza wanaonaje. Katika suala lako vitu hivyo viwili vinavutana, kwa hiyo cha kwanza nitakiita mchujo, kama wanavyosema Wakenya, na cha pili utafiti wa maoni.

Hiyo asilimia 90 haikutungwa. Imejirudia katika tafiti nyingi tangu mauaji ya shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012, walipouawa watoto 20 na watu wazima 6. Unapokosea, na wanakosea hivyo hata washauri wa kampeni wanaolipwa fedha nzuri, ni pale unapoichukua kama kura zilizokwisha kuwekwa sandukuni.

Tuna bahati kwamba jambo hili lilipelekwa sandukuni kwelikweli. Mwaka 2014 wananchi wa jimbo la Washington walipigia kura sheria ya kuchunguza wanunuzi hata katika mauzo ya mtu na mtu, ikapita kwa asilimia 59 hivi. Novemba 2016 swali linalofanana na hilo likawekwa mbele ya watu wa Nevada na Maine siku moja. Nevada ilipita kwa asilimia 50 na ushee, pua na mdomo. Maine ikakataliwa, takriban 52 kwa 48. Kutoka tisini mpaka arobaini na nane! Zile nyingine zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote. Kwenye simu mtu hujibu wazo. Kwenye karatasi ya kura hujibu sheria yenye vifungu, baada ya wiki kadhaa za matangazo ya pande zote mbili. Maine ni nchi ya wawindaji, na wapinzani walishikilia jambo moja tu: ukimwazima jirani bunduki ya kuwindia swala, je, itabidi mwende wote wawili dukani akachunguzwe? Mwenye kujibu "ndiyo" kwa simu mwezi Juni anaisikia hoja hiyo mwezi Oktoba na kuanza kusitasita. Hajageuka kuwa mpinzani wa uchunguzi. Anaipinga karatasi ile aliyowekewa mbele.

Halafu kuna uzito. Utafiti wa maoni huhesabu vichwa, hauulizi sana kila kichwa kinalipa jambo hilo uzito gani. Takriban theluthi moja ya watu wazima wa Marekani husema wanamiliki bunduki, na ndani yao lipo kundi ambalo kwake hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Upande wa pili ni wengi zaidi, ila bunduki ipo kwenye orodha yao pamoja na bima ya afya, bei ya mafuta, shule na kodi ya nyumba. Enzi zangu za uanafunzi nilifanya kazi ya jioni ya kupiga simu za utafiti. Jibu ambalo sijalisahau ni la mama mmoja aliyesema anaunga mkono uchunguzi "kabisa", na maswali mawili baadaye akasema hatampa kura mtu yeyote anayegusa bunduki za watu. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuweka alama. Nikaweka "anaunga mkono".

Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kiliuelewa uzito huo mapema. Huwapa wanasiasa alama kama za ripoti ya shule, kuanzia A hadi F. Mpiga kura asiyesoma miswada anasoma herufi. Na unaposimama katikati, herufi ndiyo inayoumia kwanza.

Sasa tuje kwa mifano, na wako uko nyumbani kwako hapo Pennsylvania. Aprili 2013 maseneta wawili, Joe Manchin wa West Virginia, Democrat, na Pat Toomey wa Pennsylvania, Republican, walileta pendekezo la pamoja. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 inamlazimu muuzaji mwenye leseni kumchunguza mnunuzi. Sheria ya shirikisho haikumgusa mtu binafsi anayeuza bunduki yake. Wao walitaka uchunguzi ufike kwenye maonyesho ya bunduki na mauzo yanayotangazwa intaneti, huku mauziano ya ndugu na marafiki yakiachwa kando, na serikali ikikatazwa waziwazi kuunda daftari la wamiliki. Kama kuna kitu kinachoweza kuitwa msimamo wa kati, ni hicho. Kilipata kura 54 dhidi ya 46, kikafa, kwa sababu Seneti inadai kura 60 ili jambo la namna hiyo lisonge mbele.

Ufuatilie mwisho wa wapigaji kura wale. Democrat wanne walilikataa pendekezo: Max Baucus wa Montana, Mark Begich wa Alaska, Mark Pryor wa Arkansas na Heidi Heitkamp wa North Dakota. (Harry Reid, kiongozi wao, naye alihesabika upande wa hapana, lakini hiyo ni mbinu ya kanuni ili aweze kulirudisha baadaye. Usimweke humo.) Baucus hakugombea tena. Begich na Pryor walianguka 2014, Heitkamp akaanguka 2018. Kwa hiyo kusema hapana hakukuwaokoa. Basi kusema ndiyo kuliokoa? Kay Hagan wa North Carolina na Mary Landrieu wa Louisiana walisema ndiyo, nao wakaanguka 2014. Kwa Republican, Kelly Ayotte wa New Hampshire alisema hapana na Mark Kirk wa Illinois alisema ndiyo. Wote wawili walipoteza viti siku moja, Novemba 2016. Toomey aliyesema ndiyo akashinda.

Ukitafuta kanuni ya bunduki katika orodha hiyo utaumwa kichwa bure. Ukiitazama kwa rangi ya majimbo, yaani kila jimbo linaegemea chama gani, inasomeka vizuri: Alaska, Arkansas, Louisiana na North Dakota yalikuwa yanawakimbia Democrat kwa kila kitu, na Illinois ilikuwa inawakimbia Republican. Kura moja ya bunduki haiwezi kusimama mbele ya mafuriko. Inaweza kuamua pale tu tofauti inapokuwa nyembamba. Ayotte alishindwa kwa kura kama elfu moja, na kwa tofauti hiyo hata mvua ya asubuhi ingeweza kuamua.

Kwa nini basi Manchin na Toomey walipona? Hapa ndipo naona wachambuzi wengi wanakosea. Wanasema walipona kwa sababu walikuwa katikati. Mimi nadhani walipona kwa sababu kila mmoja alikuwa na akiba ya kutumia, na akiba hiyo haikutoka katikati hata kidogo.

Manchin alipogombea Seneti mwaka 2010 alitoa tangazo la televisheni ambamo anapakia risasi kwenye bunduki na kuutoboa mswada wa hali ya hewa wa chama chake mwenyewe. NRA ilimuunga mkono. Mwana wa West Virginia, mwindaji, ana alama ya A. Baada ya 2013 NRA ilimgeukia na kurusha matangazo dhidi yake nyumbani kwake, naye akajibu kwa tangazo lake akiwa tena na bunduki mkononi. Alama yake ikaporomoka hadi D. Mwaka 2018 alishinda kwa pointi tatu hivi katika jimbo ambalo Trump alikuwa amelizoa kwa pointi zaidi ya 40. Watu wake hawakuwa wamempima vifungu vya mswada. Walimpima kama ni mwenzao, na hilo alishalijibu zamani. Lakini usiipe bunduki sifa yote: mwezi mmoja kabla ya uchaguzi huo alikuwa Democrat pekee katika Seneti aliyempigia kura ya ndiyo Brett Kavanaugh, jaji aliyependekezwa na Trump kuingia Mahakama ya Juu.

Toomey ni kinyume chake. Alikuwa mhafidhina wa kodi na matumizi ya serikali, mtu ambaye hakuna Republican angeweza kumwita msaliti kwa urahisi. Kura moja ya uchunguzi ilimfungulia mlango wa vitongoji vya Philadelphia, ambako wapiga kura wenye digrii na nyumba nzuri walikuwa hawamtaki Trump. Shirika la Gabby Giffords, mbunge wa zamani wa Arizona aliyepigwa risasi ya kichwa Tucson mwaka 2011, lilimuunga mkono 2016. Fikiria uzito wa hilo kwa Republican anayeomba kura vitongojini. Alishinda kwa pointi moja na nusu hivi, na vitongojini alifanya vizuri kuliko Trump. Kwa tofauti hiyo mimi nakubali kwamba msimamo ule ulimsaidia, ingawa siwezi kukuthibitishia kwa hesabu, na anayesema anaweza anakuuzia kitu.

Nirudi kwa fisi wako. Fisi alipasuka kwa kutaka kufika penye harufu mbili kwa wakati mmoja. Mwanasiasa wa Marekani hupita njia moja kwenye mchujo na nyingine Novemba, na anayepasuka mara nyingi hupasukia kwenye ile ya kwanza. Vitabu vyetu vya sayansi ya siasa vinafundisha habari za mpiga kura wa katikati: panga wapiga kura wote kutoka kushoto kwenda kulia, anayesimama karibu na yule wa katikati kabisa ndiye anayeshinda. Nadharia nzuri, ila uliza kwanza umempanga nani. Wa mchujo ni wachache, ni wa chama kimoja, na ndio wenye ule uzito niliousema.

Kisa cha Tony Gonzales, Republican aliyechaguliwa ubunge Texas, ni darasa tosha. Uvalde, ambako Mei 2022 waliuawa watoto 19 na walimu wawili, ilikuwa ndani ya eneo lake. Mwezi uliofuata aliunga mkono sheria ya pande mbili iliyoongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Mwaka 2023 chama chake jimboni kikampitishia azimio la kumkemea, kwa kura hiyo na nyingine kadhaa. Mwaka 2024 akasimamishiwa mpinzani mwanachama mwenzake, Brandon Herrera, mtu maarufu YouTube kwa video za bunduki. Hakupata nusu ya kura duru ya kwanza, wakarudiana Mei, akaponea kwa kura chache mno, hazikufika 500. Novemba dhidi ya Democrat alishinda bila jasho. Msimamo uleule, mtu yuleyule, mwaka uleule.

Chris Jacobs, mbunge Republican wa New York, hakufika hata huko. Baada ya mauaji ya Buffalo, mwezi uleule wa Mei 2022, alisema angeunga mkono kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi. Wakubwa wa chama chake walimkimbia, na kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa amejitoa kwenye kinyang'anyiro.

Sasa itazame ile sheria ya 2022 upande wa Seneti. Republican 15 waliiunga mkono. Ni wawili tu, Lisa Murkowski wa Alaska na Todd Young wa Indiana, waliokuwa wanaomba kura mwaka huo. Wanne walikuwa wanastaafu, Toomey akiwemo, na waliobaki walikuwa na miaka miwili au minne mbele yao. Na Alaska ilikuwa imeshabadili utaratibu: mchujo wa wote pamoja, wanne wanapita. Murkowski hakuhitaji ruhusa ya wanachama wenzake peke yao. Orodha hiyo huniambia kuhusu ujasiri wa kisiasa mambo mengi kuliko hotuba zote za mwaka ule.

Kwa hiyo, mgombea akikuambia yuko katikati kuhusu bunduki, usihangaike kupima ni katikati kiasi gani. Uliza ana mpinzani kwenye mchujo? Kiti chake kinaisha lini? Ana akiba gani na watu wa chama chake, na je, amewahi kuitumia kwenye kura iliyohesabiwa, au ameishia kwenye mahojiano?

Na wewe binafsi una jambo la haraka kuliko yote haya. Pennsylvania mchujo wake umefungwa: kuwachagua wagombea wa Democrat ni kwa waliojiandikisha Democrat, na wa Republican vivyo hivyo. Wengi wetu tukishaapishwa tunajaza fomu kwa kuchagua "bila chama", tukidhani ndiyo ustaarabu. Ukifanya hivyo, Novemba utapiga kura kama kawaida, lakini mchujoni, wanakochujwa hao wa katikati, hutakuwa na la kusema juu ya mgombea yeyote. Siku ya mwisho ya kujiandikisha au kubadili chama ni siku 15 kabla. Itazame kadi yako leo.