Bei ya maji: mkutano wa taftishi una faida gani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza chakula hapa Isevya, Tabora. Tumetangaziwa kuwa mamlaka ya maji imeomba kupandisha bei, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inaita mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi. Niende, au wameshaamua? – Mama Lishe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda! Mamlaka huomba tu, anayeidhinisha ni EWURA. Inaweza kupunguza kiwango kilichoombwa, kulikataa ombi, au kulikubali kwa masharti.

Nilisoma mita miaka kumi na moja, kwa hiyo najua maneno matupu hayashindi hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Chukua bili zako za miezi sita, ugawe kwa ndoo, ujue sufuria yako ya maharage inabeba nini. Siku ambazo bomba lilikohoa upepo mtupu, ziandike kwenye daftari lile lile la madeni.

Watasema umeme wa kusukuma maji kutoka Ziwa Victoria ni ghali. Ni kweli, si kama enzi za kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Lakini waulize maji mangapi yanavuja kabla ya kufika kwenye mita. Hapo usiwaachie, maana maji yaliyomwagika barabarani yanalipwa na wewe. Tena uliza kama wanaotumia vyoo vya shimo watatozwa majitaka wakati hawajaunganishwa na mtandao.

Ukishindwa kufika, peleka maoni kwa maandishi. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kukusemea.