Wageni wa maabara niwatambulisheje?

Dada shkamoo. Maabara yetu ya vijidudu hapa Tanga ni ndogo, tumepata wataalamu wapya wawili na mimi ndo nimeambiwa niwatambulishe Jumatatu. Nisome tu vyeti vyao?
Msomaji, Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Vyeti taja kidogo tu, watu wanataka kujua mtu anafanya nini. Kama mmoja anapima maji ya visima sema hivyohivyo, anayatia kwenye kisahani chenye agari, ule ute ulioganda wa kukuzia vijidudu, anakiweka kwenye inkubeta, yaani kabati la joto, nyuzi 37 na kesho yake anahesabu vidoa vya vijidudu vilivyoota, maana E. koli, kile kijidudu cha kwenye kinyesi, ikipata chakula na joto inagawanyika kila dakika 20 hivi, sasa hapo hata mlinzi ataelewa na atauliza maswali. Tena waonyeshe hicho kisahani! Agari yenyewe inatokana na mwani, na sisi watu wa pwani mwani tunaujua, aliyependekeza itumike maabara ni mama mmoja, Fanny Hesse, mwaka 1881, kwa vile jelatini iliyotumika kabla yake ilikuwa inayeyuka kwenye joto.

Majina yao waulize mapema yanatamkwaje, inauma sana kukosewa jina siku ya kwanza. Halafu wazungushe wenyewe, otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu, ipo wapi, kisahani kikivunjika wamwite nani.