Muulize Shangazi: Posa imeshafika, moyo wangu uko kwingine

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, fundi cherehani Majengo, hapa Dodoma. Tangu darasa la sita najijua: moyo wangu huwaelekea wanawake wenzangu. Nimefunga, nimeombewa, mama akanipeleka hadi kwa mganga nikachanjwa chale. Hakuna kilichobadilika, na nimechoka kujichukia. Kibandani wateja husema watu kama mimi "waliharibikia bwenini" au "wanatafuta dola za wazungu". Mimi nimelelewa na bibi Bahi nikichunga mbuzi, bweni sijawahi kulala. Mzungu pekee niliyemshonea alilia nimpunguzie bei! Kwa kuwa navaa suruali, naitwa jike dume. Sasa imekuja barua ya posa na wajomba wameanza kuhesabu ng'ombe. Nimkubali tu huyu kaka, yaishe? Au nimwambie mama ukweli?
Fundi, Majengo

Marahaba mwanangu. Hilo la jike dume limenichekesha. Hapo Majengo wanaume wangapi wanashona magauni na kutia shanga, na hakuna anayewauliza kitu? Wewe suruali moja tu, mtaa mzima umeshtuka.

Chale zisikutie aibu, lakini zisiongezwe. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tangu Mei 1990, kwa hiyo mganga alikuwa anatibu kisichougua. Kujikubali hakuhitaji kibali cha wateja wako. Kujitangaza ni jambo jingine, na hapo sikudanganyi: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, kinachokataza kujamiiana "kinyume cha maumbile", adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Mzizi wake ni wa Mwingereza, ingawa wanaoitetea huiita mila yetu. Sheria inaadhibu tendo, si moyo, ila majirani hawasomi vifungu. Basi anayestahili kujua umchague wewe, mmoja mmoja, aliyewahi kukutunzia siri nyingine.

Mama je? Mama aliyekupeleka kwa mganga bado ana hofu. Usimwambie wakati unamtegemea kwa paa la kulalia. Lipa kwanza chumba chako.

Posa ndiyo ya haraka. Usimkubali. Huyo kaka naye ana moyo, utamweka kitandani na mke asiyekuwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na kukataa mchumba hakudai maelezo. Mwite mjomba mkubwa, umkalishe, useme: "Mjomba, huyu simtaki, ng'ombe wake wasije." Akiuliza kwa nini, rudia hayo hayo. Ila sema wiki hii. Ng'ombe wakishaingia zizini na kugawanywa, kila aliyepata ndama atakuwa hakimu wako.

Barua yako nimeichana. Nawe simu yako iwekee nywila.