Maswali ya Wasomaji: Ile Chaji ya Hewa Ukaa Kwenye Invoisi ya Kontena

Habari za kazi. Napeleka parachichi Rotterdam kupitia bandari ya Dar. Msimu huu invoisi imekuja na mstari umeandikwa ETS, na umepanda kuliko wa mwaka jana. Ajenti anasema hiyo ni kodi ya Ulaya haina mjadala, lipa tu. Ni kweli? (Msomaji wa Njombe)

Nzuri ndugu yangu, poleni na msimu. Hiyo ETS ni mfumo wa Ulaya wa vibali vya kutoa hewa ukaa. Sheria ipo kweli, ila anayedaiwa na Umoja wa Ulaya ni kampuni ya meli, wewe hudaiwi hata senti. Kampuni inatakiwa kununua vibali, kibali kimoja kwa kila tani ya hewa ukaa, halafu inaamua yenyewe itairudishaje hiyo gharama kwa wateja, kwa hiyo kiasi ulichoandikiwa ni bei ya kampuni na bei inaulizwa, usikubali kunyamazishwa.

Kupanda kwake kuna sababu. Mfumo ulianza kwa meli tarehe 1 Januari 2024 na wakauingiza taratibu, moshi wa 2024 kampuni ililipia asilimia 40 tu, wa 2025 asilimia 70, na kuanzia 2026 ni wote, asilimia 100, tena mwaka huohuo wameongeza methani na nitrasi oksaidi, gesi nyingine zinazopasha dunia joto, juu ya hewa ukaa. Kwa hiyo hata kama meli ni ileile na njia ni ileile, bili ya kampuni imekua.

Sasa kuna jambo watu wengi hawaambiwi. Safari inayotoka nje ya Ulaya kuingia Ulaya inahesabiwa nusu tu ya moshi wake, na inayohesabiwa ni ile safari kutoka bandari ya mwisho ya nje ambako meli ilipakia au kupakua mzigo. Kontena lako likitoka Dar likabadilishiwa meli, tuseme Salalah kule Oman, kile kipande cha Dar mpaka Salalah hakimo kabisa kwenye hesabu ya Ulaya, ni Salalah mpaka Rotterdam tu. Meli kusimama kujaza mafuta au kubadilisha mabaharia haihesabiki kama kutia nanga bandarini, na Tanger Med ya Morocco na East Port Said ya Misri nazo zimewekwa kwenye orodha maalumu ya bandari zisizohesabiwa kama bandari ya mwisho, ili meli ya makontena isiende kugusa pale kidogo ikakwepa kulipia safari ndefu.

Tupige hesabu ya mfano, namba ni zangu za kukisia ila fomula ndo yenyewe. Meli imechoma tani 2,000 za mafuta mazito kutoka Salalah ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Rotterdam. Tani moja ya mafuta hayo inatoa kama tani 3.1 za hewa ukaa, basi jumla ni tani 6,200 hivi, nusu yake 3,100. Kibali tukiweka euro 70 (bei yake inapanda na kushuka sokoni kila siku) inakuwa kama euro 217,000. Meli ikiwa imebeba makontena 8,000 ya futi 20, kila moja linaangukiwa na euro 27, na la futi 40 euro 54. Lako ni la friji, linakula umeme wa meli njia nzima, kwa hiyo kuchajiwa zaidi kidogo ni haki. Ila ukiona umeandikiwa mara tatu au mara nne ya hapo, mwandikie ajenti akupe maelezo kwa maandishi: kipande gani cha safari kimehesabiwa, bei gani ya kibali imetumika, na kama ndani yake wameweka pia ile chaji ya FuelEU, sheria nyingine ya Ulaya inayotaka meli zitumie mafuta safi zaidi, maana baadhi wanazichanganya kwenye mstari mmoja. Na mkiwa chama cha wakulima ulizeni kwa pamoja, mtu mmoja mwenye kontena moja wanampuuza.

Na hilo la kuzunguka Rasi msilisahau. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimeacha Suez, njia imekuwa ndefu, mafuta mengi, vibali vingi. Mkulima wa Njombe hana kosa lolote hapo lakini gharama inamfikia, na mimi hili linaniuma.

Shikamoo. Mi ni oila, fundi msaidizi wa chumba cha injini, kwenye meli ya mizigo, bendera ya Panama, wenye meli si Wazungu. Mbona tukienda Ulaya ofisi inasumbua na ripoti za mafuta kila siku? (Baharia, Tanga)

Marahaba mwanangu. Bendera haisaidii, sheria inaangalia meli inakokwenda. Meli ya mizigo au abiria ya GT 5,000 (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) na kuendelea ikigusa bandari ya Ulaya imo, na zile za mizigo mchanganyiko kuanzia GT 400 tangu 2025 nazo zinatoa ripoti hata kama hazinunui vibali. Hizo namba zenu zinakaguliwa na mkaguzi huru, zinaingia kwenye mfumo unaoendeshwa na shirika la usalama wa bahari la Ulaya lililopo Lisbon. Kampuni isipokabidhi vibali inapigwa faini ya euro 100 na zaidi kwa kila tani na vibali bado inadaiwa, na ikikaidi miaka miwili mfululizo meli zake zinaweza kufungiwa kuingia Ulaya. Kwa hiyo pima matangi vizuri, andika ulichokiona, na usikubali mtu akwambie ubadilishe namba.

Hizo hela za vibali zinaenda wapi, na sisi ambao hatujachafua sana tunapata nini? (Mwanafunzi, Mombasa)

Sehemu kubwa inaingia kwenye hazina za nchi za Ulaya, na vibali milioni 20 vimetengwa kwenye mfuko wao wa ubunifu kwa ajili ya miradi ya meli. Hakuna fungu la Mombasa wala Dar. Mimi siungi mkono hilo, mnunuzi wa Rotterdam na mkulima wa Murang'a wanachangia wote halafu bandari inayopata umeme wa nchi kavu wa kuunganishia meli ni ya upande mmoja. Tumaini lilikuwa mpango wa dunia nzima wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa bahari, wenye mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea, ulipita hatua ya kwanza Aprili 2025, halafu Oktoba kule London ukaahirishwa mwaka mzima kwa kura 57 dhidi ya 49. Nyie vijana mnaosomea mambo ya bahari ulizeni wawakilishi wetu wanasimamia wapi mjadala ukirudi.

Meli zikitumia mafuta ya mawese si tatizo limeisha? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. FuelEU, inayofanya kazi tangu Januari 2025, inataka kiasi cha gesijoto kinachotoka kwa kila kipimo cha nishati ya meli kipungue asilimia 2 sasa, 6 mwaka 2030, mpaka 80 mwaka 2050, ila mafuta yanayotokana na mazao ya chakula, kama hayo mawese, yanahesabiwa sawa na mafuta machafu kabisa ya kuchimbwa ardhini. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika yanakubalika, yakiwa na cheti.